Maji ndani ya buti la Mercedes W123: namna ya kupata panapovuja na kupaziba

Ukifungua buti baada ya mvua kubwa ukakuta mkeka umelowa na tairi la spea limekaa kwenye dimbwi, wazo la kwanza ni kununua tyubu ya silikoni na kuipaka kila penye ufa. Acha kwanza. Silikoni iliyopakwa kwa kubahatisha imeozesha mabuti mengi kuliko mvua yenyewe. Inaziba njia ambayo maji yangetokea, inaficha kutu inayoendelea kula chuma chini yake, na siku fundi bodi akitaka kupaka rangi, rangi haishiki. Isitoshe, ile silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hukaribisha kutu kwenye chuma kisicho na rangi.

Mwongozo huu unaifuata Mercedes W123 ya milango minne yenye buti, kwa sababu bado zipo nyingi na kwa sababu buti lake lina karibu kila aina ya mvujo unaoweza kuukuta kwenye gari la zamani. Zilitengenezwa kati ya 1976 na 1986, karibu milioni 2.7 ukijumlisha aina zote, kuanzia 200 hadi 280E na za dizeli 200D, 240D na 300D. Hata zile za mwisho sasa zina miaka 40 hivi. Bodi inaweza kuwa bado nzima, lakini raba za kiwandani zimeshakufa. Mwenye Peugeot 504, Datsun, Volvo 240 au W124, Mercedes iliyoifuata hii, atatumia hatua hizi hizi. Kitakachobadilika ni mahali kifaa fulani kilipofungwa.

Jambo moja la kushika tangu mwanzo: maji yanaingilia kwingine na kutokea kwingine. Tone linaloingia kwenye kona ya chini ya kioo cha nyuma hutambaa chini ya rafu iliyo nyuma ya kiti, likashuka pembeni mwa tangi, likafika kwenye shimo la pembeni nyuma ya gurudumu. Mwenye gari anaona maji chini ya taa, anabadilisha raba ya taa, mvua ikinyesha tena hali ni ile ile. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni upelelezi. Ukishajua pa kuziba, kuziba kwenyewe mara nyingi ni kazi ya alasiri moja.

Toa kila kitu, kisha soma alama

Ondoa spea, jeki, mkeka, makaratasi magumu ya pembeni na kile kibao kinachofunika tangi. Usiondoe nusu. Ng'oa pia kiti cha nyuma, cha kukalia na cha kuegemea, ili uone upande wa pili wa rafu. Watu wengi huiruka sehemu hii kwa uvivu, na ndipo wanapopoteza wiki nzima.

Sasa chukua tochi, upige magoti, na usiguse chochote. Usifute. Maji huacha maandishi yake: mstari mwembamba wa udongo, michirizi ya rangi ya chai ikishuka kutoka kwenye boliti, rangi iliyovimba vipovu, duara jeupe la chumvi kwenye zile shiti nyeusi za lami zilizobandikwa sakafuni kupunguza kelele. Fuata kila mchirizi kuelekea juu, si chini. Unapoishia juu ndipo pa kushuku. Piga picha kila alama kabla ya kuifuta, maana ukishasafisha hutaipata tena.

Bonyeza zile shiti za lami kwa kidole. Iliyobanduka hunywa maji chini yake na kukaa nayo miezi. Juu unaona pamekauka, chini chuma kinaoza. Iliyolegea ing'oe kabisa.

Angalia pia kama maji yenyewe ni ya mvua. Yakiwa na tope jekundu au mchanga, huenda yanarushwa na magurudumu kutoka chini. Yakiwa masafi, yametoka juu. Yakiwa na harufu ya petroli au dizeli, simama hapo hapo: una tatizo la aina nyingine, la bomba la kujazia mafuta au tangi, na hilo linatangulia mvua. Unyevunyevu mwembamba chini ya mfuniko asubuhi ya baridi, pasipo dimbwi, kwa kawaida ni umande wa hewa ya ndani unaotokana na mkeka ulioloa zamani. Kausha buti kwanza ndipo uamue.

Vumbi litakusaidia kabla ya maji

Hapa sisi wa barabara za vumbi tuna bahati ambayo wenye W123 wa Stuttgart hawana. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa iliyo nyuma yake huwa na msukumo mdogo, na vumbi linalotimka huzunguka na kuganda nyuma. Kila upenyo unaoweza kupitisha maji utapitisha na vumbi, nalo hukaa pale pale lilipoingilia.

Kwa hiyo safisha buti lote kwa kitambaa kibichi, ukaushe, upanguse raba ya mfuniko na ukingo wa chuma inapokaa. Funga madirisha na upite kwenye barabara ya vumbi kilomita 20 au 30. Ukirudi, panguza mfuniko kwa nje, kisha ufungue taratibu. Tazama raba: panapokaza vizuri utaona mstari safi, na panapopitisha utaona ulimi wa vumbi ukikatiza raba kuingia ndani. Tazama vilevile kuzunguka taa, chini ya antena, na kwenye plagi za sakafuni. Weka alama ya chaki kila mahali penye vumbi.

Alama za vumbi kwenye raba zina maana nyingine isiyo ya mchezo. Panapopita vumbi, moshi wa ekzosi unapita pia, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, usingoje masika. Rekebisha sasa.

Vumbi halitakuambia mengi kuhusu kioo cha nyuma wala maungio ya juu. Kwa hayo utahitaji mpira wa maji.

Mvua ya bandia

Kabla hujawasha bomba, neno kuhusu kujifungia ndani ya buti. Mafundi wengi wa zamani hukwambia uingie na tochi, mwenzako afunge na amwage maji. Kwenye W123 tangi la mafuta limesimama nyuma ya kiti, kati ya abiria na buti, kwa hiyo hakuna njia ya kutokea mbele hata kiti kikiwa kimeng'olewa. Na gari lenye senta loki ya vakyumu, yaani kufuli zote zinazojifunga pamoja kwa mvuto wa hewa, linaweza kufunga buti pamoja na milango. Ndani hakuna kitasa. Simu ya kawaida inafanya kazi hiyo bila hatari: iweke kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi, washa taa yake, rekodi video, ielekeze upande unaoushuku, funga mfuniko. Ukiwa na simu mbili, elekeza moja kila upande.

Kisha bandika vipande vya karatasi ya chooni kwa selotepu chini ya kila mahali penye alama ya chaki: chini ya kila taa, kwenye kona za mfuniko, chini ya bawaba, kwenye ukingo wa rafu. Karatasi ikiguswa na tone moja tu hubadilika rangi na kulegea, na itakuonyesha tone lilipoanzia hata kama limeshatambaa mbali. Sakafuni nyunyiza poda ya mtoto. Maji yakipita yatachora njia.

Mpira wa maji uwe bila kichwa cha kunyunyizia, maji yakitiririka polepole kama mtu anayemwagilia mche. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapa. Msukumo wake unapenyeza maji hata kwenye raba nzima, na utaanza kuziba mahali pasipovuja.

Kanuni ni hii: anza chini, panda juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua nani mkosaji. Kila eneo lipe dakika tano, ngoja dakika mbili tatu, fungua, tazama karatasi, tazama video, ndipo upande eneo linalofuata. Mpangilio wangu ni huu:

1. Ndani ya madigadi ya nyuma kutoka chini, kisha nyuma ya bampa.
2. Taa ya kushoto, halafu ya kulia, kila moja peke yake.
3. Ukingo wa chini wa mfuniko, kisha pande zake.
4. Kifuniko cha kujazia mafuta, na antena kama iko nyuma.
5. Juu ya mfuniko wenyewe: kufuli, taa za namba, nembo na maandishi.
6. Mfereji wa chuma unaozunguka mdomo wa buti, hasa karibu na bawaba.
7. Kioo cha nyuma, ukingo wa chini kwanza, kona, kisha juu.
8. Dirisha la paa kama gari linalo.

Ukipata mvujo, usiishie hapo. Uzibe kwa muda kwa selotepu pana juu ya sehemu kavu, kisha endelea na orodha. Gari la miaka 40 lenye mvujo mmoja tu ni nadra. Halafu rudia jaribio lote gari likiwa limeegeshwa pua juu, kwenye mteremko. Kuna mivujo inayotokea pale tu mfereji unapoinamia nyuma, ndiyo maana gari likilala kwenye maegesho ya nyumbani linajaa na likilala kazini linabaki kavu.

Raba ya mfuniko

Raba ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi lawama ni ya haki. Ibonyeze kwa kidole kila sentimita kumi: iliyo hai huinuka mara moja, iliyokufa hubaki na shimo la kidole. Kisha fanya jaribio la karatasi. Kata ukanda wa karatasi ya kuandikia, uweke juu ya raba, funga mfuniko, vuta. Ikikataa kutoka au ikitoka kwa kukwaruza, sawa. Ikiteleza bila upinzani, hapo hapabani. Zunguka mdomo wote wa buti namna hiyo.

Kabla ya kununua raba mpya, jiulize kama tatizo ni raba au ni mfuniko. Tazama nafasi kati ya mfuniko na fenda pande zote mbili. Zikiwa hazilingani, huenda bawaba zimehama au gari liligongwa nyuma na kunyooshwa nusu nusu. Paneli ya nyuma iliyorudishwa milimita tano ndani haitaponywa na raba yoyote duniani. Pita kwa kidole nyuma ya bampa na ndani ya buti kutafuta puti nene (ile lipu ya kusawazishia bodi) au weldi isiyo ya kiwandani.

Kama ni bawaba tu, chora kwa kalamu kuzunguka kila boliti kabla ya kulegeza, kisha sogeza kidogo kidogo. Pale kufuli linapokamata, teremsha kishikio kwa milimita moja, ufunge, urudie jaribio la karatasi. Mfuniko ukianza kuhitaji kupigwa kwa nguvu ili ufunge, umepitiliza.

Sasa raba mpya. Vua ya zamani, na kama ilibandikwa kwa gundi, kwangua gundi yote mpaka ukingo uwe laini. Mara nyingi utakuta kutu imeinua ukingo wa chuma; hiyo itibu kwanza, la sivyo raba mpya itakaa juu ya vilima na mabonde. Anika raba juani nusu saa ilainike. Ianzie pale ya kiwandani ilipokuwa na maungio, na usiivute hata kidogo. Hili ndilo linaloharibu kazi ya mafundi wengi: raba iliyovutwa wakati wa kufunga hurudi kwenye urefu wake baada ya wiki, maungio yanafunguka na kona zinajivuta ndani. Kwenye kona isukume kana kwamba unataka kuingiza zaidi ya inavyohitajika. Mwisho kata ikiwa ndefu kwa milimita tano hivi, ubane ncha mbili zikutane, uzigundishe. Funga mfuniko ulale hivyo usiku kucha.

Raba nyingi za W123 bado zinatengenezwa, za asili na za kuigwa. Kirinyaga Road kule Nairobi au Kariakoo hapa Dar es Salaam utapewa zote mbili ukiuliza kwa namba ya chesisi. Ile ya kuigwa iliyo ngumu kupita kiasi itakufanya uone kama mfuniko umeharibika. Ibonyeze dukani. Isipobonyea kwa kidole, iache.

Taa za nyuma

Ile mifereji iliyo kwenye taa za W123 si urembo. Iliwekwa makusudi ili tope likiganda juu ya matuta, mabonde yaendelee kupitisha mwanga. Lakini kati ya taa na bodi kuna gasketi, na ikikauka maji huingia taratibu kila mvua, yakijikusanya kwenye shimo la pembeni ambalo mtu halitazami mpaka lioze.

Toa nyaya ya negativu ya betri. Ndani ya buti, toa kibebea balbu, kisha nati zinazoshika taa. Plastiki ya umri huu ni dhaifu, kwa hiyo nati iliyogoma inyunyizie mafuta ya kulegeza na uirudishe nyuma na mbele, usiilazimishe. Taa ikitoka, tazama ukingo wa tundu: hapo ndipo kutu hukaa. Safisha, tibu kutu, paka praima na rangi, acha ikauke kabisa.

Gasketi mpya ndiyo suluhisho. Ikikosekana, tumia butili, ile gundi nyeusi laini isiyokauka inayouzwa kama kamba iliyoviringishwa kwenye karatasi, na ambayo mafundi wa vioo huifahamu. Izungushe mstari mmoja usiokatika, ncha zikipishana chini. Faida yake juu ya silikoni ni kwamba mwaka ukifika taa inang'oka bila kuvunjika. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka butili ianze kuchungulia pembeni, kisha acha. Taa nyingi zilizopasuka zimepasuliwa na spana ya fundi mwenye haraka.

Ukiwa hapo, angalia waya wa ethi, ule unaounganisha taa na chuma cha bodi. Taa za nyuma zinazofifia ukikanyaga breki mara nyingi ni ethi iliyokula kutu kwa sababu ya maji haya haya. Isugue mpaka chuma king'ae.

Kioo cha nyuma

Hapa ndipo penye maumivu, na hapa ndipo mwenye gari hujidanganya zaidi. Kioo cha nyuma cha W123 kimeshikwa na raba yenye urembo wa kromu, na udongo unaojikusanya kwenye kona za chini hushika maji siku nzima. Chuma huoza chini ya raba, mahali pasipoonekana. Dalili zake ni vipovu vya rangi vinavyochungulia chini ya raba kwenye kona, na michirizi upande wa chini wa rafu. Ndiyo maana nilisisitiza kiti king'olewe.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuinua ulimi wa raba kwa kijiti cha plastiki na kuingiza gundi maalumu ya vioo isiyokauka, kati ya raba na bodi, na kati ya raba na kioo. Itakuvusha masika moja, pengine na vuli. Ifanye kama huna pesa ya njia ya pili, ila ujue umenunua muda tu, na kutu haijasimama.

Ya pili ni kutoa kioo. Mpe fundi wa vioo aliyewahi kufanya magari ya raba, si yule wa magari mapya ya gundi. Mwambie kama kioo kina nyaya za kupasha joto, ili achomoe viunganishi kwanza. Kioo kikitoka, kwangua kila kitu mpaka chuma. Ukikuta tundu, likatwe na kuchomelewa bati jipya. Puti juu ya tundu itadondoka. Kisha praima ya epoksi, gundi ya maungio, rangi, na raba mpya. Raba ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzima, maana imeshajikunja kwa umbo la kutu ya zamani. Kromu ivuliwe kwa subira. Ikipinda, ni kazi kuinyoosha isionekane.

Antena, mafuta, paa na maungio

Antena ya umeme iliyofungwa kwenye fenda ya nyuma ina kijirija, yaani mrija mdogo, chini yake cha kumwaga maji yanayopita kwenye mlingoti. Kijirija hicho lazima kitoke nje ya bodi. Mara kadhaa mtu amebadilisha antena na kukiacha kinaning'inia ndani, kwa hiyo kila mvua antena inajaza buti kwa uaminifu kabisa. Kirudishe kwenye tundu lake na ubadilishe raba ya juu. Ni kazi ya dakika kumi na mara nyingi ndiyo dawa yote.

Kwenye kifuniko cha mafuta, tazama raba inayozunguka shingo ya bomba na tundu dogo la kumwaga maji chini yake. Tundu likizibwa na udongo, maji hujaa kama kikombe na kumwagikia ndani. Lisafishe kwa waya laini au upepo wa kompresa ndogo, bila cheche karibu.

Dirisha la paa lina mirija minne. Miwili ya nyuma hushuka ndani ya nguzo za nyuma. Mimina kikombe cha maji kwenye kona ya nyuma ya mfereji wake na usikilize yanapotokea. Yasipotoka nje chini ya gari, mrija umeziba au umechomoka. Usipige upepo wa nguvu, utauchomoa ule uliokuwa mzima. Tumia uzi wa plastiki wa kukatia nyasi: ni laini, ni mrefu, na unakata kona.

Maungio ya bati kwenye mfereji wa mdomo wa buti yalizibwa kiwandani kwa gundi ambayo sasa imepasuka. Kwangua iliyolegea tu, iliyoshika iache. Safisha kwa thina, tibu kutu, paka praima, kisha paka gundi ya maungio ya poliurethani inayokubali rangi. Ilaze kwa kidole kilicholowa, ngoja ikauke kama pakiti inavyosema, kisha paka rangi. Nembo na maandishi kwenye mfuniko yana matundu yake. Kipande kidogo cha butili nyuma ya kila pini kinatosha.

Sakafu, kutu na hatari ya weldi

Sakafuni kuna plagi za raba. Zikikosekana, maji ya barabarani huingia kutoka chini. Zikiwepo, zisigundishwe kamwe. Ziko pale ili siku maji yakiingia uweze kuyatoa. Nimeona mabuti yaliyozibwa plagi kwa lami na fundi aliyedhani anasaidia, na shimo la spea likageuka beseni.

Piga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu, chuma kipo. Sauti iliyokufa, au bisibisi ikizama, pameoza. Kutu ya juu isugue kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, isafishe kama maelekezo yanavyotaka, kisha praima ya epoksi, rangi, na mwisho nta ya kuzuia kutu kwenye mashimo ya pembeni. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja aongeze nta kila mwaka, hewa ya chumvi haisamehi.

Penye tundu panahitaji weldi, na weldi kwenye buti la W123 maana yake tangi litoke kabisa. Si kufunikwa kwa gunia lililolowa. Si kumwagwa mafuta tu, kwani tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Fundi akikwambia amefanya hivyo miaka yote bila tatizo, tafuta fundi mwingine.

Kurudisha vitu

Kausha mkeka juani mpaka upande wa chini uwe mkavu ukiushika kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa umeshapata ukungu, nunua mwingine; harufu ile haitoki. Rudia jaribio la maji kuanzia namba moja hadi namba nane, karatasi mpya kila mahali.

Hata ukikuta kukavu kabisa, usirudishe mkeka bado. Tandika magazeti sakafuni na kwenye mashimo ya pembeni, uliache gari lipigwe na mvua halisi mbili tatu, likiwa limeegeshwa na likiwa kwenye mwendo. Gazeti lililolowa na kukauka hubaki limekunjamana na lina mpaka wa rangi ya chai, kwa hiyo hata tone lililoingia usiku utaliona asubuhi. Magazeti yakibaki yamenyooka, rudisha shiti za lami, kibao cha tangi, spea, na mkeka mwisho. Kila kabla ya masika na vuli, inua mkeka, chomoa plagi, toa udongo, zirudishe, na paka raba ya mfuniko mafuta ya silikoni ya kupuliza. Hayo ya kupuliza kwenye raba hayana ubaya. Ila usiyapulize karibu na mahali utakapopaka rangi.